Wembe Unaanza Kwangu

Tangu arudi kutoka hospitali ya mjini, Hashimu hakuweza kukaa mahali pamoja. Akikaa barazani, ananyanyuka. Akinyanyuka, anazunguka nyumba, anachungulia makopa ya muhogo yaliyoanikwa juu ya bati, anarudi barazani, anakaa, ananyanyuka tena. Sehemu ya lawama ilikuwa ya vidonge. Daktari alimpa aina mbili: kimoja cha kumeza kila siku, leo na kesho na mwaka ujao, na kingine cha kumtoa maji yaliyojaa tumboni. Hicho cha pili kilimpeleka msalani mbio mbio, mkono mmoja ukishika kopo na mwingine ukishika kikoi. Lakini hata kibofu kilipotulia, mwenyewe hakutulia. Kulikuwa na swali moja la nesi ambalo halikuwa na kidonge.

Kwa asiyemjua, Hashimu ndiye aliyekuwa akiumika watu pale Madimba. Ukiwa na kichwa kisichosikia panadoli, au mabega yaliyokaza kwa kupalilia mikorosho, ulikwenda kwake ukalala kifudifudi kwenye mkeka. Alikuchanja mistari midogo kwa wembe, akabandika pembe ya ng'ombe juu yake, akaivuta hewa kwa mdomo na kuiziba kwa nta. Damu nzito ilitoka, nawe uliamka mwepesi. Vijana wa mjini wanaiita hijama, na wana vikombe vya plastiki na cheti ukutani. Hashimu alikuwa na pembe tano alizorithi kwa mama yake, na cheti chake kilikuwa mkononi.

Cheti chenyewe kilikuwa desturi. Kabla ya kumgusa mgonjwa, alikunja mkono wa shati na kujichanja mwenyewe kwenye mkono wa kushoto, mstari mmoja mfupi, mpaka damu ichomoze. "Wembe unaanza kwangu," alisema. "Ukiwa butu, nitajua mimi kwanza." Halafu aliufuta kwa kitambaa na kuhamia mgongoni mwa mtu. Mama yake alimfundisha kwamba asiyekubali kuumia kwanza hana haki ya kumuumiza mwenzake. Kitambaa kilikuwa safi, hilo hakuna wa kumsingizia. Kilifuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani kila siku, na watu waliona. Ndiyo maana walimwamini kuliko zahanati. Nesi gani amewahi kujidunga sindano kwanza ili akuonyeshe haiumi?

Basi mwaka huu, kuanzia mwezi wa nane, Hashimu akaanza kuchoka. Akaishiwa hamu ya kula. Miguu ikavimba, tumbo likajaa, macho yakawa na umanjano wa bibo la mkorosho lililoiva. Na Madimba, ukiwa na tumbo na macho ya namna hiyo wakati mabibo yanaanza kudondoka, hakuna anayekuuliza unaumwa nini. Wanakuuliza unakunywa kwa nani.

"Anakunywa kwa siri," walisema kisimani.

"Mtu wa swala tano?"

"Swala tano mchana, glasi tano jioni. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Hashimu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Hasira ndiyo iliyompandisha bodaboda kwenda mjini, si ugonjwa. Alitaka karatasi yenye muhuri inayosema kwamba mtu huyu si mlevi, aje aibandike mlangoni.

Karatasi aliipata, ila haikusema alichotaka. Nesi aliyemweleza aliitwa Modesta, mzaliwa wa Rombo aliyehamishiwa Mtwara miaka mingi na kuzoea joto, ingawa bado alililalamikia kila siku.

"Baba, hii ni homa ya ini, ile ya kirusi, aina ya B," alisema. "Inawezekana umeishi nayo miaka na miaka bila kujua. Sasa ini limepata makovu, limeanza kukakamaa. Makovu hatuwezi kuyafuta. Ila hiki kidonge kinamfunga kirusi kamba, asiendelee kukutafuna. Usikiache hata siku moja. Chumvi punguza. Na pombe, hata tone, usiguse."

"Sijawahi kuigusa."

"Nimekuamini. Hii si ya pombe."

Hapo Hashimu alijisikia kumkumbatia. Lakini nesi hakuwa amemaliza. Akamweleza kwamba kirusi hicho hakipiti kwa kula sahani moja wala kwa kushikana mikono. Kinapita kwa damu, na kwa tendo la ndoa, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. "Hiyo ya mtoto ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake unakishinda ndani ya miezi michache. Mtoto mchanga hakiwezi. Kinakaa naye mpaka uzeeni, kama hakijamuua kabla. Ndiyo maana tunataka mtoto achomwe sindano ya kinga siku hiyo hiyo anayozaliwa."

Kisha akachukua kalamu. "Umewahi kutumia wembe mmoja na mtu mwingine, baba?"

Hashimu aliuangalia mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umefunikwa na shati.

"Hapana," alisema.

Nesi akaandika hapana. Hilo ndilo swali alilokuwa akizunguka nalo nyumba.

Alizunguka kwa sababu ya watu wengi, lakini zaidi kwa sababu ya mmoja. Nasra alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, na Hashimu alimlea tangu akiwa na miaka mitatu. Mkewe mwenyewe alishaondoka zamani kurudi kwao Newala, hakuacha mtoto. Kwa hiyo Nasra ndiye aliyekuwa mtoto, na Hashimu ndiye aliyekuwa baba na mama na mjomba. Mwishoni mwa mwezi wa saba Nasra alikuja akilalamika kichwa, mimba ikiwa ya miezi minne. Hashimu alijichanja, akafuta wembe, akamchanja mabegani, vichanjo sita. Sasa mimba ilikuwa ya miezi saba.

Mtu mwema angekwenda kumwambia siku ile ile. Hashimu alikuwa mtu mwema, na hakwenda. Alianza safari mara nne. Mara ya kwanza alifika kwenye mkorosho wa mpakani akarudi kukojoa. Mara ya pili alikumbuka hajafunga mlango. Mara ya tatu na ya nne hakuwa hata na sababu, miguu iligeuka yenyewe. Alimwogopa Nasra. Alimwogopa mume wake Ramadhani, ambaye alikuwa mlinzi na mwenye mkono mwepesi. Aliogopa migongo yote ya Madimba aliyowahi kuigusa. Watasema ametembea nyumba hadi nyumba akigawa kifo kwa wembe, tena akitabasamu. Watamwita mchawi, maana mchawi ni nani kama si yule anayekudhuru huku unamshukuru?

Ndipo shetani akampa akili. Watu wanasema ni pombe. Sawa, na iwe pombe! Mlevi hamwambukizi mtu. Ini la mlevi ni lake peke yake. Wembe utabaki msafi, na jina la mama yake litabaki safi. Yeye ataacha kuumika watu kwa kisingizio cha kutetemeka mikono, asimdhuru mwingine tena, na waliopita Mungu atawaangalia. Aibu ya kunywa, ukiipima na ile nyingine, aliiona nyepesi kama kopa.

Akaenda kwa jirani yake Kasiani, aliyekuwa akikamua mabibo na kuuza uraka, pombe ya maji yake, kila msimu.

"Nijazie hiki kidumu," alisema.

Kasiani alikiangalia kidumu, akamwangalia mwenye kidumu. "Nzee Hashimu, wa kutengenezea siki?"

"Wa kunywa."

"Wewe?"

"Nina mdomo au sina?"

Kasiani akamjazia, akatikisa kichwa. Hashimu hakurudi kwa njia ya mkato. Alikibeba kidumu mkono wa nje, akapita nacho kisimani, akapita nacho dukani, akasalimia kila mtu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alipofika nyumbani alikwenda nyuma, penye mpapai, akakimimina chote chini. Alifanya hivyo siku tatu, kisha nne, kisha akapoteza hesabu. Kijiji kiliridhika. Kuna furaha fulani watu wanaipata wanapogundua kwamba walikuwa wanasema kweli.

Aliyeudhika alikuwa Kasiani peke yake, tena si kwa Hashimu bali kwa kuku wake. Waliokuwa wakichakura kwenye mpapai wa jirani walianza kurudi nyumbani wakitembea upande. Jogoo aliwika saa tisa mchana, akaanguka, akalala na miguu juu. Kasiani alisimama kwenye uzio kwa muda mrefu akiyatazama matope yaliyonuka uraka chini ya mpapai. Kesho yake akakijaza kidumu kama kawaida. Biashara ni biashara.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja, baada ya adhuhuri, Nasra alikuja mwenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama." Alikuwa akimwita mama tangu utotoni, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake.

Alikuwa amenenepa, anatembea kwa kuegemea nyuma. Alikaa kwenye mkeka taratibu, akanyoosha miguu, akashusha kanga mabegani. "Kichwa kimerudi. Mama mkwe ananiambia nivumilie mpaka nijifungue, ila siwezi. Amenitafutia mkunga, nitazalia nyumbani, hospitali mbali. Haya, mjomba." Akaushika mkono wake wa kushoto kwa utani, akaanza kumkunja shati kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto anayeruhusiwa kutazama. "Wembe unaanza kwako."

Hashimu alivuta mkono kwa nguvu hata Nasra akayumba.

"Sikuumiki."

"Kwa nini?"

"Mikono inatetemeka."

Nasra akatazama mikono. Haikuwa ikitetemeka. Akatazama kona ya chumba, akakiona kidumu, akasikia harufu. Uso wake ukabadilika polepole, na Hashimu akajua kwamba mpaka dakika ile alikuwa hajawaamini watu.

"Nimegombana na mama mkwe kwa ajili yako," alisema. "Nimemwambia mjomba wangu hawezi. Nimeapa, mjomba. Nimeapa kwa Mungu!"

Akajikokota kuamka, akajifunga kanga na kutoka, akilia bila kuficha. Hashimu alibaki na maneno yake mawili tu: nitazalia nyumbani. Hakuna sindano nyumbani. Mkunga atakata kitovu, watapiga vigelegele, na siku hiyo hiyo inayohitajika itapita watu wakila pilau. Na yeye ndiye atakayekuwa amekula pilau nyingi kuliko wote, mjomba mtu.

Akaichukua kadi ya hospitali iliyokuwa imefichwa kwenye mfuko wa pembe, akatoka mbio. Kweli mbio, mzee wa miaka hamsini na nane, tumbo mbele, makubadhi yakimtoka. Waliomwona walicheka na kumpisha njia.

Alimkuta Ramadhani uani, ametoka zamu, bado amevaa sare ya ulinzi. Nasra alikuwa ameshaingia ndani.

"Shikamoo, mjomba," Ramadhani alisema, akisimama mlangoni. "Leo usiingie. Mtoto wa watu analia."

"Niitie Nasra. Nina ugonjwa kwenye damu. Wembe wangu umempa Nasra. Lazima apimwe, tena mapema, na asizalie nyumbani!"

Yalitoka yote kwa mkupuo, na yalipotoka yalikuwa kama maneno ya mlevi hasa: yamechanganyika, yana jasho na mate. Ramadhani akamwangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma Hashimu kuliko kofi.

"Nenda kalale, mjomba."

"Nina kadi!"

Ramadhani akaipokea. Mwandiko wa daktari ni wa daktari, lakini neno moja lilisomeka, mtu alikuwa ameliandika kwa Kiswahili: ini. "Hapa wameandika mambo ya ini," alisema. "Ini si ndiyo pombe, mjomba? Hata hospitali wamejua."

"Si pombe!"

"Nimekuona mwenyewe na kidumu, siku tatu mfululizo. Umenipungia mkono."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Hashimu ilikuwa imefikia ukutani. Alikuwa amejenga uongo imara kuliko nyumba yake, na sasa hakuwa na mlango wa kutokea. Kisha akageuka akakimbia tena. Ramadhani alidhani ameelewa, anakwenda kulala.

Alirudi baada ya muda mfupi akimvuta Kasiani, ambaye mikono yake ilikuwa bado inanata maji ya mabibo.

"Waambie," Hashimu alisema, akihema. "Waambie nakunywa au sinywi."

Kasiani hakupenda. Muuza uraka hapendi kutangaza kwamba mteja wake mkubwa anaumwaga. Alikuna shingo, akamtazama Ramadhani, akatazama mlango ambao nyuma yake Nasra alikuwa ameacha kulia ili asikie.

"Huyu ntu hajanywa hata kijiko," alisema mwishowe. "Anamwaga kwenye mpapai. Wanaokunywa ni kuku wangu. Jogoo kafa juzi, sikusema. Namuuzia, anamwaga. Niliona kazi ya nganga labda, nikanyamaza."

Nasra akafungua mlango. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Kwa nini mtu anunue pombe amwage?"

"Ili mseme ni pombe," Hashimu alisema. "Msije mkasema ni wembe."

Nasra alikuja mpaka mbele yake, akamkunja shati mpaka kwenye kiwiko. Mistari ilikuwa mingi, ya zamani imefifia, mipya bado myeusi, imejipanga kuanzia kwenye kifundo kupanda juu. Hashimu akaweka kidole kwenye mmoja, karibu na kiwiko.

"Huu ni wako."

Alimweleza yote, sasa polepole: kirusi, damu, kitambaa, sindano ya siku ya kwanza. Alimweleza na ile hapana aliyomwambia nesi. Alipofika kwenye mtoto, Ramadhani alimkwida shati shingoni akamgandamiza ukutani, na Kasiani akalazimika kuingia kati. Nasra hakumkataza mume wake, wala hakumtia moyo. Alikuwa amejishika mabega, pale pale penye vichanjo, mkono wa kulia juu ya bega la kushoto na wa kushoto juu ya la kulia.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Mwezi uliopita. Tarehe saba."

"Nilipita kule kwako tarehe kumi nikakuletea samaki."

"Ulileta."

Nasra akaingia ndani, akafunga mlango. Hayo ya samaki ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia kwa muda mrefu.

Kesho yake walikwenda mjini, kila mmoja kwa bodaboda yake, kama watu wasiojuana. Modesta alimtoboa Nasra kidole, akadondosha damu kwenye kipande kidogo cha kupimia, wakasubiri. Hashimu alisimama dirishani, akaenda mlangoni, akarudi dirishani, mpaka askari wa geti akamuuliza kama amepoteza kitu. Mistari ilitokea miwili. Modesta akavuta kiti akakaa karibu na Nasra.

"Unacho. Sikiliza vizuri, dada, usilie kabla sijamaliza. Wewe ni mtu mzima, huenda mwili wako ukakishinda wenyewe. Tutatuma damu tujue kiko kingi kiasi gani, kikiwa kingi utameza kidonge mpaka ujifungue. Na utajifungulia hapa. Mtoto atachomwa kinga kabla hajamaliza siku. Tukifanya hivyo, uwezekano wa kumwokoa ni mkubwa sana. Mngechelewa mpaka mwezi ujao, tungekuwa tunazungumza mengine. Na mumeo naye aje apimwe."

Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye roho nzuri na aliiona sura ya mzee, akaongeza: "Na baba usijihukumu moja kwa moja. Wengine huzaliwa nacho. Siwezi kuapa kwamba ni wembe wako."

Hapo ulikuwepo mlango mwingine, tena umefunguliwa na serikali yenyewe. Hashimu aliutazama. Ingetosha kuitikia kwa kichwa tu.

"Mimi naweza kuapa," alisema. "Nesi, lile swali lako. Andika ndiyo."

Modesta akachukua kalamu. "Wangapi?"

Akakunja shati, akaweka mkono mezani. Wote watatu waliutazama. Mistari ya chini kabisa hakuikumbuka tena, ilikuwa imepandana. Lakini kuanzia katikati aliweza kutaja, kidole kikipanda mstari kwa mstari: mke wa fundi baiskeli, mwalimu wa madrasa, mabinti wawili wa Msimbati waliokuja wakati wa kiangazi, Kasiani mwenyewe alipoanguka mkoroshoni. Modesta aliandika mpaka karatasi ikageuzwa upande wa pili.

Wiki zilizofuata Hashimu alipata sababu ya kutembea, na safari hii miguu haikugeuka. Alikwenda mlango kwa mlango, shati limekunjwa. Mke wa fundi baiskeli alimmwagia maji machafu miguuni. Mwalimu wa madrasa aliuliza kama mtu akiwa nacho anaweza kusalisha, akaambiwa anaweza, akashukuru. Mzee mmoja wa miaka themanini alicheka mpaka akakohoa, akasema ini lake limestaafu, wamwache. Wengine walimtukana kwanza, wakaenda kupima baadaye. Wengine walimtukana, na hawakwenda, na Hashimu akarudi kwao tena wiki iliyofuata. Waliokutwa nacho mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na mbili walikuwa watano. Kasiani hakuwamo, akachomwa kinga, akasema sindano inauma kuliko mkorosho. Tumbo la Hashimu lilipungua, mkanda ukarudi tundu mbili. Pembe tano alizifunga kwenye gunia, akazitundika darini.

Nasra alijifungua mjini siku mbili baada ya mwaka mpya, mtoto wa kiume. Hashimu aliambiwa na watu njiani. Aliambiwa pia kwamba Ramadhani alisimama juu ya kichwa cha nesi mpaka sindano ikaingia pajani mwa mtoto, akatazama saa, akaiandika nyuma ya kadi. Hashimu alikaa chini mchangani pale pale alipoambiwa, akalia mbele ya watu, kisha akanyanyuka akaendelea kutembea. Hakualikwa kwenda kumwona mtoto, wala hakwenda.

Siku ya saba mtoto hutolewa nje na kunyolewa nywele za tumboni. Kwa watu hawa mwenye kunyoa ni mjomba, na watoto wote wa ukoo ule, Nasra akiwa mmojawapo, walinyolewa na Hashimu. Asubuhi hiyo alijua wataita kinyozi. Alikuwa akizunguka mpapai kwa mara ya ishirini Kasiani alipokuja uzioni.

"Umeitwa. Nasra kasema uje mikono mitupu."

"Mitupu?"

"Bila kitu. Kasema hivyo."

Hashimu akaelewa kwamba anaitwa kukaa na wageni, ale, aondoke. Hata hivyo alioga, akavaa kanzu, akaenda na mikono yake mitupu. Ua ulikuwa umejaa. Watu walimwachia nafasi pana kuliko mtu mmoja anavyohitaji. Ramadhani alimwamkia bila kumtazama.

Nasra alitoka akiwa amembeba mtoto. Alipiga magoti mkekani mbele ya mjomba wake, karibu sana, bila neno. Akafungua fundo la kanga, akatoa wembe uliokuwa bado ndani ya karatasi yake, akamwekea kiganjani. Mtu mmoja nyuma aliguna. Ramadhani alifungua mdomo, Nasra akamtazama, akaufunga.

Hashimu aliufungua wembe. Alilowanisha kichwa cha mtoto kwa maji ya vuguvugu, nywele laini zikalala. Na mkono wake, bila kumuuliza, ukafanya ulichofanya kwa miaka thelathini: ukasukuma juu mkono wa kanzu, ukauteremsha wembe kuelekea kwenye mkono wa kushoto, pale penye nafasi iliyobaki.

Alitambua anachokifanya pale tu Nasra alipomshika kifundo. Alimshika kwa nguvu, kucha zikazama.

"Hapana, mjomba," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia sauti tangu alipofunga mlango ule. "Huyu, wembe unaanza kwake."

Hakuuachia mkono mpaka alipouona umegeuka. Kisha akakishika kichwa cha mtoto kwa viganja viwili ili kisitikisike, na Hashimu akaanza kunyoa, kuanzia utosini. Machozi yalimdondoka kwenye kanzu, hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi, alikaa mahali pamoja mpaka mwisho.